Kadi ya michoro ya nje: Kagua kompyuta yako kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu

KADI ya michoro ya nje inaweza kuipa kompyuta ndogo ya mezani uwezo wa kuhariri video, kusanifu majengo au kuendesha michezo mizito bila mwenye nayo kununua mashine mpya.

Hata hivyo, si kila kompyuta inayoikubali, na anayenunua kabla ya kukagua huweza kujikuta ametumia fedha nyingi kwa kifaa kisichomfaa.

Nyingi ya kompyuta hizo, ikiwamo Mac mini ya kampuni ya Apple, hazina nafasi ya kuongeza kadi ndani. Hutegemea michoro inayotengenezwa na prosesa, ambayo hutumia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta yenyewe.

Kadi ya nje hupachikwa katika kasha lenye umeme wake, kisha kasha huunganishwa na kompyuta kwa kebo. Teknolojia iliyorahisisha kazi hiyo ni Thunderbolt 3, iliyotangazwa na kampuni ya Intel mwaka 2015, ambayo hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Tundu la Thunderbolt 3 lina umbo lile lile la USB-C linaloonekana katika simu nyingi, lakini tundu la kawaida la USB-C haliwezi kuendesha kadi hiyo. Alama ya radi kando ya tundu husaidia kulitambua, ingawa njia ya uhakika ni kusoma maelezo ya mtengenezaji. Hata matundu ya USB4 hayafanani yote, kwa kuwa baadhi hayana njia ya kuendeshea kadi.

Mtego wa pili ni mfumo wa uendeshaji. Apple iliruhusu rasmi kadi za nje Machi 2018, katika toleo la macOS 10.13.4. Mac mini iliyotoka Novemba mwaka huo ina matundu manne ya Thunderbolt 3 na huzikubali, mradi ziwe kadi za AMD zinazotambuliwa na mfumo huo, kama vile Radeon RX 580. Kadi za kisasa za NVIDIA hazina programu endeshi za macOS.

Mac mini zenye prosesa za Apple yenyewe, kuanzia ile ya M1 iliyotoka Novemba 2020, nazo zina matundu ya Thunderbolt, lakini macOS haitumii kadi za nje kuonyesha picha katika mashine hizo. Anayenunua Mac mini iliyotumika kwa ajili ya kazi hii hana budi kuuliza kwanza mwaka wa toleo lake na aina ya prosesa.

Aliyekwisha kuthibitisha hayo na alinganishe umeme. RX 580, kwa mfano, hutumia takriban wati 185, hivyo kasha linapaswa kutoa zaidi ya kiasi hicho. Vipimo vya kadi navyo vilinganishwe na nafasi iliyomo ndani ya kasha.

Wakati wa kufunga, kasha liwe limechomolewa kwenye umeme. Kadi ibonyezwe hadi ikae sawasawa, ikazwe kwa skrubu, kisha nyaya zake za umeme zichomekwe. Baada ya kufunga kasha, litumike kebo fupi ya Thunderbolt iliyokuja nalo.

Monita iunganishwe moja kwa moja na kadi, kwa sababu picha zikirudi kwenye kompyuta kupitia kebo ile ile, sehemu ya kasi hupotea.

Kwa Mac mini ya 2018 iliyowashiwa ulinzi wa FileVault, monita ianze kuunganishwa na kompyuta yenyewe. Mtumiaji akishaingia ndani ya mfumo, ndipo aihamishie kwenye kadi. Kabla ya kuchomoa kasha, atoe kwanza amri ya kulitenganisha kupitia alama iliyo juu ya skrini.

Matarajio nayo yawe ya kadiri. Kati ya gigabiti 40 za Thunderbolt 3, zisizozidi 32 ndizo huifikia kadi, ilhali ikiwa ndani ya kompyuta kubwa, katika nafasi ya PCIe ya kizazi cha 3 yenye njia 16, kadi hupata takriban 126.

Aidha, Mac mini ya 2018 haikuwamo miongoni mwa mashine zilizopewa macOS Tahoe ya mwaka 2025.

Kwa hiyo, anayemiliki tayari kompyuta inayofaa anaweza kunufaika na kadi ya nje. Asiye nayo, ni vyema ajumlishe bei ya kompyuta, kasha na kadi, kisha ailinganishe na bei ya kompyuta kubwa yenye kadi ndani yake.