Asili ya Maneno na Taswira katika Kujifunza Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hulalamika kwamba maneno ya lugha hiyo ni mengi mno na hayaelekei kuhusiana. Malalamiko hayo yana msingi katika historia. Baada ya Wanormandi kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilishika utawala, mahakama na meza za wakubwa. Ndiyo maana ng'ombe aliye hai huitwa "cow", neno la wenyeji, ilhali nyama yake huitwa "beef", neno la watawala. Katika karne ya 16 wanazuoni nao waliingiza maelfu ya maneno ya Kilatini na Kiyunani.

Ubishi ukazuka. John Cheke, aliyefariki mwaka 1557, alipinga uazimaji wa ovyo. Mwaka 1573 Ralph Lever alitoa kitabu cha mantiki ambamo, badala ya "conclusion", neno la asili ya Kilatini, aliunda "endsay", yaani usemi wa mwisho. Alitaka Mwingereza asiyejua Kilatini aione maana ndani ya neno lenyewe. Hoja hiyo haikuwa dhaifu. Hata hivyo istilahi zake hazikushika, na "conclusion" likadumu.

Tangu hapo mzigo wa kuitafuta maana umemwelemea mwanafunzi. Mzigo huo hupungua akifunuliwa asili. "Include", "exclude" na "conclude" yana shina moja la Kilatini lenye maana ya kufunga. Basi na auone mlango mmoja: anayefungiwa ndani ni "include", anayefungiwa nje ni "exclude", na mlango ukifungwa kabisa, shughuli ikiwa imekwisha, ni "conclude". Kadhalika "companion" ni yule mnayekula naye mkate, na "muscle" latokana na neno la Kilatini la panya mdogo.

Manufaa ya taswira yamepimwa. Mwaka 1975, huko Marekani, Richard Atkinson na Michael Raugh walieleza jinsi wanafunzi wa Kirusi waliounganisha kila neno na sauti waliyoizoea, kisha na picha akilini, walivyokumbuka maneno mengi zaidi kuliko wenzao.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba picha ya kukumbukia haithibitishi asili. Neno "island", yaani kisiwa, halikuwa na herufi "s" katika Kiingereza cha kale. Wasomi walilidhania kuwa jamaa ya "isle", lenye asili ya Kilatini, wakaitia herufi hiyo. Haitamkwi, lakini kila mtoto wa shule hulazimika kuiandika hadi leo.

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wana la kuzingatia hapa. Anayetafsiri "companion" kwa kufuata asili tu ataishia kwenye mkate, wala hatafika kwenye neno "mwenzi". Asili na imsaidie mwanafunzi kukumbuka. Maana ya leo aitafute katika matumizi ya wasemaji.