Mota za Moshi na Uzito wa Gridi

Kituo cha zamani cha umeme cha Kikuletwa, wilayani Hai, kilizalisha megawati 1 na ushei tu, kikazimwa miaka ya 1980. Leo kiko mikononi mwa Chuo cha Ufundi Arusha. Nimeanzia hapo kwa sababu historia ya umeme wa Kilimanjaro husimuliwa kwa kufuata maji: Kikuletwa, Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968 na megawati zake 8. Watumiaji hutajwa kama midomo ya kulishwa, na hapo ndipo simulizi linapopotoka.

Fuata nyaya hadi mjini Moshi, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Mota kubwa iliyofungwa moja kwa moja kwenye umeme wa njia tatu hula umeme, lakini pia huusaidia. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, mwendo huo huanza kushuka nchi nzima. Rota nzito ya mota, yaani sehemu yake inayozunguka, hukataa kupunguza kasi mara moja, na katika kukataa huko hurudisha nguvu kidogo kwenye nyaya. Aliyesimama kwenye mashine ya kusaga Kibosho au Marangu anaujua ukaidi huo: umeme hukatika, mngurumo ukaendelea. Wanafizikia huuita inesha. Sekunde chache za ukaidi huo ndizo zinazoyapa mabwawa nafasi ya kufungulia maji zaidi. Watafiti wa Uingereza walikadiria kuwa watumiaji huchangia karibu asilimia 20 ya inesha ya gridi yao.

Sasa tazama kiwanda cha vipuri na mashine kilichojengwa Hai kwa msaada wa Bulgaria, kikalala kwa miaka mingi. Tulihesabu ajira zilizopotea, na ilikuwa haki. Uzito wa mota zake uliokuwa ukizunguka haukuhesabiwa na mtu. Wakati huohuo, taa za LED, televisheni na chaja zilizojaa majumbani hazina cha kurudisha kwenye nyaya. Hata mota mpya zinazoendeshwa kupitia vifaa vya kielektroniki vya kurekebisha kasi hutenganishwa na gridi, na kwa kawaida msaada wake hupotea.

Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilizimika. Chanzo cha siku ile ni jambo jingine, lakini ilitukumbusha kuwa gridi inaweza kuanguka; hivyo wahandisi wa shirika la umeme, TANESCO, wanapopanga mahitaji ya Kaskazini, wasiishie kuhesabu megawati zinazotumika. Wapime pia uzito wa mota zinazozunguka viwandani Moshi na Hai.