Kwa nini malaria inapenda mimba ya kwanza

Mama amekulia hapa hapa Tshopo, mbu wanamuuma toka utoto, mwili umeshazoea malaria. Akishika mimba ya kwanza, malaria inarudi kama vile hawajawahi kuonana. Mimba ya pili, ya tatu, inapunguza nguvu. Sababu iko wapi?

Iko ndani ya plasenta, kondo la nyuma. Mwaka 1938 daktari Garnham, aliyefanya kazi Kenya, aliandika juu ya plasenta na malaria. Damu ya kidole inaweza kuonyesha vimelea vichache sana, kumbe plasenta imejaa. Lakini vinashikilia nini mule? Swali lilikaa miaka karibu 60.

Jibu lilitoka Kisumu, pembeni ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichunguza plasenta za wamama waliozaa kule, wakaona vimelea vyake vinanata kwenye sukari moja, kondroitini sulfati A. Vya watu wasio na mimba kwa kawaida vilinata kwingine.

Sukari hiyo ni kazi ya plasenta yenyewe. Seli zake za nje, zile zinazogusa damu ya mama, zinatengeneza protini; halafu enzimu zao zinaivika nyuzi ndefu za sukari na kubandika sulfati, mahali fulani, kwa kiasi fulani. Mpangilio huo ndio kimelea kinautafuta. Sisi wa kilimo hatushangai: mbegu ya Striga inalala udongoni mpaka isikie kemikali ya mzizi wa mahindi, ndipo inaamka.

Kimelea kina jeni kama 60 za kubadilisha nguo. Mwaka 2003 timu ya Ali Salanti, Copenhagen, ilionyesha ile inayovaliwa kwa ajili ya plasenta: VAR2CSA. Msichana hajawahi kukutana nayo, basi kinga yake ya utoto haiijui. Fried na Duffy walikuwa wameshaonyesha mwaka 1998 kwamba damu ya wamama waliozaa mara nyingi inazuia vimelea kunata.

Ndiyo maana Fansidar inamezwa CPN hata kama kipimo kimetoka negatifu. Toka 2012 OMS inaomba itolewe kila CPN, kuanzia mwezi wa nne, dozi zikiachana mwezi mmoja. Chanjo mbili za VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimejaribiwa kwa watu Benin na Burkina Faso, hatua ya kwanza tu. Ya kumpa mama wa mimba ya kwanza bado.