Abraha, Panya na Lambo la Maarib



Ndugu zetu katika imani, watoto wetu wa madrasa karibu wote wamehifadhi Suratul Fiil, na wanamjua Abraha kuwa ndiye aliyekwenda na tembo kuibomoa Al-Kaaba. Wachache wanajua kwamba mtu huyohuyo alikarabati lambo. Huko Maarib, Yemen, aliacha maandishi juu ya jiwe kuhusu kazi ya mwaka 548 hivi: tuta lilibomoka, akayaita makabila, maradhi yakazuka akawaruhusu waondoke, kisha kazi ikaendelea hadi ikakamilika. Hata unga, tende na wanyama wa kuwalisha wafanyakazi vimeorodheshwa. (Aliyewahi kuitisha kazi ya kujitolea msikitini anaelewa kwa nini!)

Lambo hilo ni la nchi ya Sabaa, ambao habari za bustani zao mbili zimo katika Suratu Sabaa, aya ya 15 hadi 17. Wengi hudhani lilikuwa ukuta wa mawe. Mawe yalijengea milango ya maji ya pande mbili; kati yake, kwa karibu mita 600, lilikuwa tuta la udongo lililovikwa mawe upande wa maji. Lilidumu zaidi ya miaka 1,000 kwa kuwa kila lilipobomoka lilizibwa, na matope yalipojaa liliinuliwa. Mwishoni mwa karne ya 6 likavunjika, na safari hiyo halikuzibwa. Qur'ani inatueleza kuwa watu wale walipuuza shukurani. Nasi tunaona kutunza neema ni katika kuishukuru.

Baadhi ya wafasiri wamepokea kisa cha panya waliolitoboa lambo hilo. Tusikicheke. Maji yakipata tundu la panya, fuko au mzizi uliooza, huchukua udongo kidogo kidogo, tundu likapanuka ndani kwa ndani, na juu tuta likaonekana zima.

Wala si mambo ya kale tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, lambo la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka. Walifariki watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto.

Basi sisi wa Merikit na jirani zetu wa Busia, tunaonywesha mifugo kwenye malambo ya udongo, tuyakague kabla ya mvua za Machi. Nyasi juu ya tuta ni kheri, miti ing'olewe ingali michanga. Ng'ombe wapewe njia nyingine, wasikanyage tuta. Njia ya kupitishia maji ya ziada isizibwe kwa ajili ya kufuga samaki, kwani maji yakipita juu ya tuta hulikata. Na maji yanayovuja chini yatazamwe rangi: yakiwa safi, yaangaliwe kila siku, yakiwa ya tope, wenye nyumba bondeni wahame usiku huohuo, wasingoje kukuche.

Wallahu aalam.