Tununue mkeka gani? Historia fupi ya kulala chini huku Rubona na Gisenyi



Swali liko mbele yetu: pesa tunazochanga za kuwapokea wanaovuka mpaka, tununue mikeka ya plastiki au ya mafunjo? Kabla hatujabishana tena, tuangalie historia ya hapa hapa.

Wanyarwanda wa zamani walikuwa na jibu lao. Chini walitandika majani makavu, juu yake ikirago, yaani mkeka wa mafunjo yanayokatwa mabondeni kwenye maji. Bua la funjo ndani ni laini kama sponji, limejaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inazuia baridi ya ardhi isikuingie mwilini. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hapa Rubona tuna chemchemi za maji moto, lakini usiku sakafu ni baridi tu.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache. Kambi kama Kibumba na Mugunga zilikuwa juu ya mawe ya volkano. Hata kuchimba choo ilikuwa shida. Kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Mahali kama pale ndipo unaelewa faida ya plastiki: mkeka ukichafuka, unaosha kwa sabuni, unaanika, jioni unautumia. Ikirago kikilowa sana kinaoza.

Halafu safari ikageuka. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, wengine wakapokelewa Rugerero. Na vita navyo vimeleta wengine mpaka kituo cha Nkamira. Jana yeye mgeni wako, leo wewe mgeni wake.

Sasa tujifunze nini? Plastiki inazuia maji lakini haizuii baridi, na ikikaa juani muda mrefu inakatika. Mafunjo yanazuia baridi lakini yanaogopa maji, na yanataka kuanikwa mara kwa mara ili kunguni wasijifiche. Basi vitu hivi siyo maadui: plastiki chini, ikirago juu. Kama pesa inatosha kimoja tu, wanaofika wakati wa mvua wapewe plastiki, na blanketi moja walitandike chini, siyo yote kujifunika. Wenye sakafu kavu tuwanunulie ikirago kutoka kwa akina mama wa sokoni, pesa ibaki kwa majirani wanaotupokea.

Mkiwa dukani, uinueni mkeka mbele ya mwanga: ukiona matundu mengi, uacheni. Angalieni kama pindo zimeshonwa, maana mkeka unaanza kufumuka pembeni.

Kwa ndugu wa mashirika, ombi moja: mhesabu watu, siyo familia. Mkeka wa mita 1.80 kwa 0.90 ni wa mtu mzima mmoja. Mkiwapa watu watano mikeka miwili, mjue kuna wanaolala kwenye udongo, na mara nyingi mama ni mmoja wao.