Shamba la Bwasa, Chungu cha Bukavu: Historia ya Mboga za Luhwindja

Luhwindja ni usultani wa milimani katika wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, upande wa kusini-magharibi wa Bukavu. Majirani zake ni Burhinyi, Kaziba na Ngweshe. Watu wake husema Mashi, na mtawala wao huitwa mwami. Nje ya Kongo jina lake limesikika kwa sababu ya dhahabu ya Twangiza, lakini muda wote ambao dhahabu imekuwa ikichimbwa na kuondoka, maharagi, viazi, kabichi na majani ya mboga yamekuwa yakiteremka kutoka milima hiyo kwenda kulisha wengine. Safari hiyo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo wameibeba wanawake mgongoni, kwa maana halisi ya neno.

Kabla ya Wabelgiji, biashara ya ukanda huu ilifuata mpaka wa hali ya hewa. Juu, katika Bushi, nchi ya wasema Mashi, kulikuwa na ng'ombe, mtama, ndizi na maharagi. Chini, upande wa magharibi, ulianza msitu wa Walega wenye mawese na ngozi za wanyama. Luhwindja ilikaa katikati ya dunia hizo mbili, karibu na chimbuko la maji ya mto Ulindi, ambao hushuka kupitia Shabunda hadi kuingia Lualaba. Wahunzi wa Kaziba, maarufu hadi leo, walitoa majembe. Kuzunguka Ziwa Kivu, kutoka msitu wa Watembo hadi kisiwa cha Idjwi, watu walilipana kwa butega, bangili za nyuzi zilizosukwa msituni, zikahesabiwa kwa mafungu. Mboga za majani hazikuwa na nafasi kubwa katika biashara hiyo ya mbali, na sababu yake ni nyepesi: jani halivumilii safari ya siku mbili. Lilichumwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya chungu cha jioni ile.

Ili kuelewa nani alikuja kulima mboga za kuuza, lazima kwanza kuelewa ardhi ilivyogawiwa. Katika Bushi, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami, naye aliigawa kupitia wakubwa waliokuwa chini yake. Aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, na kwa ng'ombe huyo alipata haki ya kukaa, kupanda migomba na kuwarithisha wanawe. Asiye na ng'ombe alikodi kwa bwasa. Bwasa ilikuwa ya muda mfupi, na ilikuwa na sharti moja lililobadilisha historia ya chakula: mkodishwaji hakuruhusiwa kupanda mti au zao la miaka mingi, kwa kuwa mgomba uliosimama ni ushahidi wa kumiliki. Alibaki na kile kinachopandwa na kuvunwa ndani ya msimu mmoja, yaani maharagi, mahindi, viazi vitamu na majani.

Ndiyo maana si sahihi sana kusema kwamba wanawake wa Bushi walichagua mboga kwa sababu ni kazi ndogo. Mgomba na baadaye kahawa vilikaa kwenye ardhi ya kalinzi, ambayo kwa desturi ilishikwa na mwanamume. Maharagi na lengalenga, yaani mchicha, vilijibanza pale ambapo mwenye shamba hakuwa na hofu navyo. Ukitazama meza ya soko la leo, unaona mgawanyo huo bado umelala juu yake: kasiksi, pombe ya ndizi, hutoka kwenye migomba ya mwenye ardhi, na fungu la majani hutoka kwa yule anayelima kwa msimu.

Mazao mengi yanayoitwa ya asili hapa ni wageni waliozoeleka. Maharagi, mahindi, viazi vitamu na muhogo vyote asili yake ni Amerika, vikafika kwenye Maziwa Makuu kwa nyakati tofauti. Muhogo ndio uliosukumwa kwa nguvu zaidi. Tangu 1917 utawala wa Wabelgiji ulikuwa na amri ya kilimo cha lazima: kila kijiji kilipangiwa zao la kulima, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Muhogo uliwafaa watawala kwa kuwa hukaa ardhini ukisubiri njaa. Kwenye baridi ya Luhwindja hukomaa polepole, ila majani yake hayangoji mzizi. Kwa hiyo sombe ya majani hayo, chakula ambacho mtu wa Bukavu angeapa kuwa ni cha babu wa babu yake, kilipata ukubwa wake mezani katika karne ya 20, pamoja na shamba la muhogo la lazima.

Kilichozaa soko la mboga hasa ni watu wengi wasiolima kukusanyika mahali pamoja. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, iliundwa mwaka 1923 na kufungua machimbo ya dhahabu na bati. Kamituga, upande wa msituni wa Mwenga, ikawa mji wa wachimbaji waliohitaji kulishwa kila siku. Mwaka 1928 ikaja Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, na sehemu nzuri za Bushi zikaingia kwenye kahawa, chai na kwinini. Bukavu yenyewe ilikua kutoka kituo cha kijeshi, ikaitwa Costermansville mwaka 1927, kisha ikarudishiwa jina lake katika miaka ya 1950. Walowezi na wamisionari walitaka kabichi, karoti, liki na saladi, na hali ya hewa ya juu ya mita 1,500 iliwapa. Wafanyakazi wa bustani zao walirudi nyumbani na mbegu pamoja na ujuzi. Wazungu wengi waliondoka katika misukosuko ya miaka ya 1960, kabichi ikabaki. Mjini Bukavu kabichi huitwa shu, kwa Kifaransa kilichokwisha kuwa Kiswahili, na hakuna anayekumbuka kwamba ilianza kama mboga ya bwana.

MGL pia ndiyo iliyogundua dhahabu ya Twangiza, mwaka 1957, kwa kufuata punje za mtoni hadi mlimani. Luhwindja ilikuwa bado mahali pa kulima, na uchimbaji mkubwa ulikuwa mbali.

Baada ya uhuru barabara ziliharibika, na ushuru ukaongezeka. Mwaka 1973 sheria ya ardhi iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali; aliyejua karatasi na aliyemjua mkubwa wa ofisi alipata hati, na wengi waliokuwa kwenye bwasa wakajikuta wanakodi upya ardhi ileile kwa masharti magumu zaidi. Njiani kwenda sokoni palisimama vizuizi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Buloho, katika wilaya ya Kalehe, kaskazini mwa Bukavu. Mwaka 1982 wanawake wa huko waliungana kupinga kodi nyingi walizotozwa kwa mihogo waliyobeba kwenda kuuza. Mzigo mmoja ulilipiwa zaidi ya mara moja kati ya shamba na meza ya soko, na pesa ilitoka kwa mwenye kamba kwenye paji la uso, si kwa mfanyabiashara mwenye lori. Hawakuwa na chama wala silaha; walichokuwa nacho ni wingi wao na ukweli kwamba bila mihogo yao soko halikuwa na maana. Mtafiti Catharine Newbury aliandika habari zao mwaka 1984, na tangu hapo ukombozi wa mwanamke wa Kivu hauwezi kujadiliwa vizuri bila kutaja kizuizi cha barabarani. Miaka hiyohiyo, mwaka 1983, serikali ya Mobutu ililegeza uchimbaji wa dhahabu wa mikono, vijana wengi wa milimani wakashika sururu, na jembe likazidi kuwa la wanawake.

Kamba hiyo ya kwenye paji la uso inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mkanda unaozunguka mzigo uliokaa mgongoni na kupita juu ya kipaji cha uso, hivyo shingo ndiyo inayobeba. Mama aliyeinama chini ya gunia hutembea akitazama ardhi hatua chache mbele ya miguu yake, kwa hatua fupi fupi, na akipumzika huegemeza gunia kwenye ukingo wa barabara bila kulitua, kwa sababu kulinyanyua tena peke yake hakuwezekani. Wengine hubeba mazao yao wenyewe. Wengine ni wabebaji wa kulipwa ndani ya mji, kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu hadi sokoni. Alama ya mkanda hubaki kwenye ngozi.

Njia ya mazao haijabadilika sana. Vijiji hupeleka kwenye soko la siku maalumu, ambako wanunuzi wa jumla hukusanya na kupakia. Kwa upande wa wilaya ya Walungu soko kubwa la namna hiyo ni Mugogo, kwenye barabara ya taifa namba 2, ileile inayoendelea hadi Burhale, Mwenga na Kamituga. Mjini mzigo hufunguliwa Kadutu, soko kuu la watu wa kawaida, au Nyawera, lililo karibu na katikati ya mji na lenye wateja wa mfuko mzito kidogo. Mizani haionekani sana. Maharagi na unga hupimwa kwa kopo, na kopo maarufu ni la maziwa ya watoto ya Guigoz, ambalo limeishi muda mrefu kuliko watoto waliokunywa yaliyokuwemo. Nyanya na vitunguu hupangwa mafungu, kimoja juu ya vitatu. Bei ya fungu hupanda kwa siri: franga hazibadiliki, fungu ndilo linalopungua. Mnunuzi mjuzi hahangaiki sana na bei. Hudai matabishi, nyongeza juu ya kipimo, na muuzaji anayekataa matabishi leo kesho hatasalimiwa.

Ubichi wa mazao una hesabu yake jikoni, na hesabu hiyo ni ya makala, yaani mkaa. Maharagi mapya, yaliyotoka kwenye ganda wiki ileile, huiva kwa muda mfupi sana kuliko maharagi yaliyokaa ghalani msimu mzima. Yale ya zamani hula makala mpaka faida ya bei nafuu iishe. Kwa hiyo mama wa Bukavu huminya punje kwa ukucha kabla ya kuuliza bei. Lengalenga nayo huchaguliwa kwa shina: likikatika kwa sauti ni changa, likipinda ni la jana. Huoshwa mara kadhaa kuondoa mchanga, huchemshwa kidogo tu, kisha huingia kwenye mawese yaliyokaangwa kitunguu na tomati.

Sombe haina haraka hiyo. Huchumwa majani ya juu ya mti, yale laini, na hutwangwa kinuni hadi yawe kama ugoro mbichi. Siku hizi sokoni zipo mashine za kusaga, na wazee wanalalamika kwamba chuma huyafanya kuwa uji. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na dawa yake ni kutwanga vizuri na kuchemsha sana, chungu kikiwa wazi. Baada ya hapo huingia liki, pilipili mboga, bilinganya, mawese, na ndagala kavu kutoka Ziwa Tanganyika kwa mwenye nazo. Mwenye kukaa karibu na ziwa huweka sambaza, samaki mdogo ambaye naye ni mgeni: alitolewa Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Pembeni ya yote hayo kuna bugali wa unga wa muhogo, na kwa siku nzuri, mashanza, jibini laini la maziwa ya ng'ombe wa Bushi.

Ng'ombe hao walipungua sana kwa vita. Wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu mwaka 1994. Vita vya 1996 na 1998 vikafuata, na kwa miaka mingi makundi yenye silaha yaliteka mifugo na kuvuna mashamba ya wengine huko Mwenga na Walungu. Bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi udongo wa mteremko uliolimwa miaka yote huchoka. Magonjwa yakaongezea: virusi vya muhogo, na mnyauko wa bakteria wa migomba, uliogunduliwa Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001 na kushuka kusini. Mwanamke aliyetegemea jani na mzizi akajikuta anategemea bustani ndogo ya bondeni, ambako udongo wa kinamasi hulimika hata wakati wa kiangazi.

Mgodi wa Twangiza nao ukafika juu ya mashamba. Kampuni ya Banro ya Kanada ilitoa dhahabu yake ya kwanza hapo mwaka 2011, na familia za mlimani zikahamishiwa Cinjira, mahali pa mwinuko na baridi zaidi. Mgodi ulileta mishahara, na palipo na mishahara chakula hupanda bei. Lakini aliyepoteza shamba hakuwa na cha kuuza kwa bei hiyo mpya. Ndipo jambo la ajabu likaonekana katika nchi ya mazao, baadhi ya watu wa milimani kuanza kununua unga na mboga zilizotoka chini.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mabenki yakafungwa, pesa taslimu zikaadimika, na vita vikasogea kuelekea Mwenga. Kadutu na Nyawera ziliendelea kupata mboga pale barabara iliporuhusu, kwa mafungu madogo zaidi.