MUHAMMAD ALI ALIPOTUMWA DAR ES SALAAM

Ndugu yangu wa Mpanda, Karema, Inyonga na kwingineko, leo tujifunze kwa bingwa wa ngumi za uzito wa juu, Muhammad Ali.

Mwaka 1967 alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka 3 bila pambano. Hakutetereka. Oktoba 30, 1974 akamwangusha George Foreman kule Kinshasa, ubingwa ukarudi.

Sasa tazama Februari 1980. Urusi imeivamia Afghanistan, na Rais Carter wa Marekani anamtuma Ali kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Akafika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wakamuuliza: mwaka 1976 Afrika ilisusia Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na makaburu, mbona Marekani haikutuunga mkono? Wakamwambia pia kuwa Urusi inawasaidia wapigania uhuru wetu. Ali akakiri kuwa hakuwa akiyajua hayo.

Tanzania ikaenda Moscow, ikarudi na medali 2 za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Zingatia, ndugu yangu. Aliyekataa kutumwa vitani alikubali kutumwa na maneno asiyoyajua undani wake. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari. Basi kabla hujasambaza ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp, jiulize: nani kanituma, na kipi hakuniambia?

Allah atulinde na ndimi zetu. Aamin.